Mkono wa Bi Sichana

Zeyana Mbarouk alipokuwa bado anasomea uuguzi, mwalimu wake, Bi Tahiya, aliwaingiza yeye na wenziwe chumba cha upasuaji siku ambayo hapakuwa na mgonjwa. "Pandeni mezani mmoja mmoja," akawaambia. "Mlale kama wanavyolazwa, na asijitikise mtu mpaka niseme."

Wenziwe wakacheka. Zeyana akapanda, akalala chali. Mwanzo aliona raha. Baadaye kiwiko kikaanza kumuuma palipogusa ukingo wa meza, kidole cha mwisho kikafa ganzi, na visigino vikamuwaka moto. Akaubetua mkono pembeni bila hata kufikiri.

"Ushajitikisa," Bi Tahiya akasema. "Aliyetiwa nusukaputi hawezi. Mshipa wake wa fahamu utabanwa mpaka uharibike, na yeye hana habari. Lazima awepo mtu wa kuhisi kwa niaba yake."

Kwao Mkokotoni walimtazamia arudi na ukunga. Zeyana akabaki mjini, akaingia chumba cha upasuaji, na miaka ikapita akawa ndiye anayetegemewa kulaza wagonjwa. Alijua wapi pa kuweka mto na mkanda ukazwe kiasi gani, na hakuona haya kumwambia mtu yeyote angoje.

Mwaka jana, mwezi wa Mfungo Tatu, alilazwa hospitalini hapo Bi Sichana wa Kiponda, mshona kofia. Alikuwa na jiwe kubwa kwenye figo la kulia, na Daktari Himid aliamua kumpasua ubavuni. Siku moja kabla ya upasuaji, Zeyana akamwendea wodini.

"Shikamoo Bi Sichana."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunichoma sindano?"

"Nimekuja kukulaza. Kesho utalala ubavu wa kushoto, na mkono huu wa kulia utakuwa juu, tuunyooshe mbele. Hebu tujaribu ungali macho."

Bi Sichana akageuka taratibu. Mkono uliponyanyuliwa kidogo tu, akakunja uso.

"Hapo basi. Nlianguka ngazini zamani, bega halijapona sawasawa. Na mkono wenyewe ndio unaonilisha, mwanangu. Msije mkanitolea jiwe mkanivunjia riziki."

"Hatuupitishi hapo," Zeyana akamjibu. "Nshapaona mwenyewe."

Akenda kumweleza Daktari Himid, naye akaja kulitazama bega lile kwa macho yake. Wakakubaliana: mkono usinyooshwe, ulale juu ya mito iliyopangwa mbele ya kifua.

Asubuhi yake, Bi Sichana alipokwisha kulala usingizi wa dawa, wakamgeuza kwa pamoja, Ismail wa nusukaputi akiwa kichwani anahesabu. Zeyana akampangia mito, ya mkono mbele ya kifua, mmoja baina ya magoti, mmoja chini ya kichwa ili shingo isipinde. Akalitazama sikio la chini lisije likakunjika. Akakaza mkanda nyongani, akapitisha vidole chini yake kuona kama haumbani. Kisha meza ikainamishwa ili ubavu ufunguke, na kazi ikaanza.

Ilikwenda vizuri mpaka katikati. Ismail alifunua shuka upande wake kutazama mpira wa dawa, akamwita Zeyana kwa ishara. Mwili ulikuwa umeteleza mbele. Mto wa juu wa kifuani umetoka mahali pake, na mkono wa Bi Sichana unaning'inia, bega likivutwa kupita pale pale aliposema basi.

"Daktari, naomba tusimame. Mgonjwa kateleza, mkono unavutika."

"Siwezi sasa hivi, Zeyana," Daktari Himid akajibu bila kuinua macho. "Mshipa unatoa damu. Ngoja niufunge kwanza."

Alikuwa na haki, na Zeyana alilijua hilo. Wala hakubishana. Akapiga magoti sakafuni chini ya shuka, akaupokea mkono kwa mikono yake miwili, akaunyanyua mpaka bega likalegea. Ngozi ilikuwa na joto, ncha za vidole ngumu kwa sindano za miaka. Mabega yake yeye yakaanza kutetemeka. Akaegemeza kiwiko gotini, akaendelea kushika. Ismail akainama.

"Nikupokee?"

"Wewe tazama pumzi yake. Mimi nimeushika."

Hatimaye sauti ya daktari ikasikika kutoka juu: "Haya, nshaufunga. Mrudisheni."

Wakamrudisha kwa pamoja, mito ikapangwa upya, na safari hii wakamfunga mkanda wa pili kifuani. Jiwe likatoka.

Bi Sichana alipozindukana, alimkuta Zeyana pembeni.

"Nibane kidole changu, Bi Sichana. Kwa nguvu."

Akabana kweli. "Taratibu, Bi Sichana! Kwani unataka kunivua pete?"

Zeyana akacheka, akampitishia pamba vidoleni kimoja kimoja, na vyote vikahisi. Nyongani palikuwa na wekundu wa mkanda, nao kesho yake haukuonekana tena. Bega lilimuuma kidogo. Zeyana akamweleza yote, hata kule kuteleza, maana mwili ulikuwa wake.

"Kwa hivyo ulipiga magoti ukanishika?"

"Nlikushika."

Bi Sichana akamwombea dua ndefu, yeye na wazee wake.

Zeyana akaitikia amini, akamfunika vizuri, akatoka. Akenda wodi ya wanaume, alikokuwa Mzee Ubwa wa Fumba, pande la mtu, wa kupasuliwa mgongo kesho, na huyo atalala kifudifudi.

"Shikamoo babu," Zeyana akamwamkia, akivuta kiti. "Hebu geuza shingo, nione inafika wapi."