Muuguzi Aliyepasha Mikono

Muuguzi wa zahanati ya mji mdogo wa Jumla, milimani, hupasha mikono moto kwenye birika la chai kabla ya kumgusa mgonjwa, na sauti yake haipandi hata wodi ikijaa vilio. Pabitra, msichana aliyetaka kuwa muuguzi, alimfuata kumuuliza: akope asome uuguzi chuo ghali cha Kathmandu, au achukue cheti hapahapa? “Mshahara ni uleule, mdogo wangu. Ukisoma kule, utaanza kazi na deni.” Mara muuguzi akaitwa chumba cha kujifungulia. Mtoto alikuwa amezaliwa kimya, mwili wa buluu. Muuguzi akamsugua mgongo, akampulizia pumzi taratibu, akimbembeleza, “Njoo basi, mbona unaringa?” Mtoto akalia. Pabitra alikuwa ameganda mlangoni, machozi yakimlengalenga. “Dada,” alinong’ona, “hayo yanafundishwa kwenye cheti cha hapa?” “Yanafundishwa. Ninayefundisha ni mimi.”