Nilifundisha riwaya za wanawake huru Riyadh, ila ruhusa ya kukaa ilitegemea mume wangu

Wakuu, salaam. Naona jukwaa limepoa, ngoja niwape hii. Haina chumvi, yalinikuta mwenyewe. Sasa ni bibi mwenye wajukuu.

Miaka ile ya neema ya mafuta, Riyadh ikijengwa kila kona, nilipata contract ya kufundisha English literature kwenye chuo cha wasichana.

Sharti lilikuwa moja: mwanamke haji peke yake, aje na maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu. Nikaja na mume wangu, Athumani. Visa yake haikumruhusu kufanya kazi.

Basi mambo yakageuka. Mimi asubuhi kazini, yeye kwenye flat yetu mtaa wa Malaz anapika, anafua, anapiga pasi. Tena mchuzi wake, wallahi, ulishinda wangu.

Darasani tulisoma riwaya za zamani za Kiingereza. Msichana asiye na kitu anamkataa tajiri. Mwanamke anaendesha shamba lake, wanaume wanasubiri amri yake.

Wanafunzi walizipenda mno. Nami nilizifundisha kwa kiburi, nikijiona ni mmoja wa wanawake wale.

Likizo moja tukaenda Jeddah kwa binamu za Athumani wenye duka la vitambaa mtaa wa Sharafiya. Wakamtania mchana kutwa, eti bi harusi wetu leo katupikia nini. Athumani alicheka nao.

Haukupita muda akaniambia, "Nimechoka kuitwa mume wa mwalimu. Halas, basi, narudi Mombasa."

Nikamjibu aende salama, mimi nitamaliza contract yangu.

Akanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

"Utabaki na maharimu gani?"

Nikaenda kumbembeleza mkuu wa chuo, mama mpole sana. Akasema anatamani nibaki, lakini bila maharimu, mafi, hakuna.

Siku ya kuaga mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Abla," ndivyo walivyotuita walimu wa kike, "kazi ni yako. Kwa nini uondoke wewe?" Nikafuta ubao.

Tulirudi, Athumani akapata kazi bandarini. Akasema sasa ni zamu yangu kukaa nyumbani. Sikufundisha tena.

Mabinti, nililojifunza ni hili: kazi nzuri haitoshi. Uliza kwanza ruhusa ya kuifanya iko mkononi mwa nani.

Athumani ameshatangulia, Mungu amrehemu. Nilimpenda sana, na hili bado sijamsamehe.

Haya, uwanja ni wenu. Wanaume hasa, semeni kweli: mngekuwa yeye, mngebaki?