Latifo Kumpeleka Mwanawe Mute

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2013. Jua kali tangu asubuhi, kusi kavu, mchanga ukiruka mpaka ndani ya vikombe.

Siku hiyo Latifo, fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa amelala chini ya gari lake pamoja na Mussagy, makanika aliyejifunza kazi Mtwara. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la mbio, milango miwili, limelalia tumbo kama kasa. Alilinunua kwa mgeni mmoja wa kampuni ya gesi aliyekuwa akirudi kwao. Mchanga wetu uliunguza klachi kabla ya mwezi kwisha.

Kesho yake binti yake, Zuleica, alikuwa anaolewa kijiji cha Mute. Bwana harusi ni dereva wa kampuni, naye aliahidi pikapu nyeupe za kazini zije kumchukua bibi harusi. Latifo alikataa. Alisema mwanawe hatoki kwake katika gari lenye nembo ya watu mlangoni. Atampeleka mwenyewe.

Dada yake mkubwa, Bi Rachida, alikuja akasimama miguuni pake.

"Tangu lini baba akampeleka bintiye kwa mume? Hiyo kazi yetu wanawake."

"Panda nyuma basi, dada, uifanye."

"Nyuma hapo? Hapaingii hata mbuzi."

"Mbuzi hakualikwa."

Mussagy alikuwa ameshusha giaboksi. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hulikamata, ilikuwa imepasuka kwa moto. Iliyofika kutoka Dar ilikuwa nyepesi, ya magari ya mashindano, na nyingine isingewahi harusi.

"Mzee Latifo, nakwambia mapema," alisema Mussagy. "Kwa hii, injini itapanda haraka na itakufa haraka. Ukiachia klachi vibaya mchangani, inazima. Chukua pikapu."

"Cherehani ya gurudumu jepesi huanza upesi, husimama upesi. Mguu ndio unaojifunza. Funga."

Wakafunga. Mussagy alifuta mafuta yote usoni pa chuma, akakaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, kisha akaiweka sahani ya klachi katikati kwa kijiti cha mpingo alichokichonga mwenyewe.

Alasiri Latifo alijaribu kuondoka mlangoni pake. Gari likazima. Akawasha, likazima tena. Barazani kwa jirani yake Cassimo vijana wakaanza kumtania.

"Mzee, lisomee dua."

"Au tulisukume?"

"Atakayeligusa," alijibu Latifo dirishani, "nguo zake za Idi akashoneshe huko mbali Pemba."

Alipunguza upepo matairini, akavua viatu ili unyayo uisikie klachi, akaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi. Karibu na mwisho gari liliondoka mara mbili, likinguruma kupita kiasi. Mara ya tatu likazima. Akafunga mlango, akaenda kuswali.

Asubuhi ya Jumapili bwana harusi alituma pikapu moja hata hivyo. Latifo alimpa dereva kahawa, akamwambia apakie masufuria. Kisha akamweka Zuleica mbele, na Bi Rachida nyuma, magoti kidevuni. Mbele ya baraza la Cassimo gari lilizima. Watu wote walikuwa wakitazama. Zuleica aliinua ushungi akasema, "Washa, baba. Hatushuki." Latifo akawasha, akaiachia klachi polepole, akaondoka. Alikwenda mpaka Mute bila kusimama, na pikapu ya kampuni ikimfuata nyuma na masufuria yake.