Siku Nilipomuua Mama Mkwe kwa Kiingereza

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na mke wangu akilitaja mbele ya wageni huwa nainuka kwenda kuangalia mbuzi (mbuzi wenyewe hatuna), lakini leo nalisema mwenyewe, aibu na iwe yangu yote.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nabeba mizigo stesheni ya Tabora, na jioni nasoma Kiingereza, kwa sababu mama wa mchumba wangu Kalunde, kule Bukene, mama mjane asiyecheka ovyo, alishasema hamwozi binti yake mtu asiyeaminika, na mimi nikaona nikiwa karani nitaaminika. Basi mwalimu akatupa kazi: andikeni barua ya kuomba ruhusa, elezeni yaliyopita, vitenzi visiwe na kosa. Sasa vitenzi vya Kiingereza vya wakati uliopita vingine huongezwa mkia tu, vingine hubadilika sura nzima kama mtu aliyenyoa ndevu, na vya kula, kununua na kwenda vilikuwa vinanishinda. Nilivyovijua barabara ni vya msiba, alikufa, walilia, walimzika, kwa kuwa kitabu changu cha misheni kilikuwa na habari ya mazishi. Nikahitaji maiti. Mama yangu mzazi niliogopa uchuro. Nikamuua mama mkwe (yuko mbali, nikajiambia, hatasikia).

Barua haikuwa na kosa hata moja. Mwalimu kwa furaha akampelekea karani mkuu wa stesheni aone kijana alivyoiva, na karani mkuu, ambaye hakuelewa kuwa ni zoezi, kesho yake akaniita mbele ya wabebaji wote, akanipa pole na ruhusa ya siku tatu niende matangani. Hapo ndipo ningesema. Lakini aliongeza, "Kiingereza chako kizuri sana," na mimi, badala ya kusema, nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Nilidhani nitajifungia chumbani siku tatu. Wapi! Fundi Salehe, seremala wa karakana, mtu mzima wa pale Tabora mjini, akaja juu: "Uende msibani peke yako, sisi tumekufa?" Asubuhi tukawa watu sita kwenye treni ya Mwanza, na unga, na kuni, na jogoo, na njia nzima Fundi ananiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nami (Mungu anisamehe) namweleza, mpaka machozi yakanitoka.

Bukene tukashuka, na wanawake wakaja mbio na karanga zao, na wa kwanza kabisa, ungo kichwani, ni mama mkwe. Nikajificha nyuma ya wenzangu. Aliniona, akageuza uso kidogo, akidhani namwonea haya kama mkwe mwenye adabu.

Fundi Salehe akamsogelea kwa upole. "Mama, tunaomba kuelekezwa. Tumekuja kwenye matanga ya mama Kalunde."

"Mama Kalunde ndiye mimi," akasema. "Nani kafa?"

Wenzangu wakanigeukia wote, unga bado uko kichwani. Nikaeleza pale pale, abiria wanachungulia madirishani, nikaeleza barua, mwalimu, vitenzi, yote. Mama akatua ungo chini.

"Mama yako mzazi yupo?"

"Yupo, mama."

"Yeye hukumwandika."

Nilitamani anitukane tu.

Akatuchukua kwake. Ule unga akausonga ugali, jogoo akachinjwa na Fundi, na wageni walipokwisha kula akawashukuru mmoja mmoja kwa kuja kumzika, akasema si kila mtu hupata bahati ya kuwaona watakaokuja. Walicheka, hata Fundi. Mimi hakuniambia neno, wala Kalunde hakutoka ndani, na hiyo iliniuma kuliko kucheka kwao.

Niliporudi nikaenda mwenyewe kwa karani mkuu, nikaungama. Ukarani niliokuwa nautamani akapewa mwingine. Kalunde nilimsubiri mavuno mawili, na kila mwezi nilipanda treni hiyo kwenda kumlimia mama yake, kimya kimya, mpaka siku mama huyo aliponiletea maji ya kunywa shambani kwa mkono wake mwenyewe.

Niliapa, na kiapo nimekishika. Kiingereza naandika hadi leo, barua za ruhusa nimeandika nyingi, na ndani yake vitenzi vimepinda vibaya, lakini kila nililosema lilitokea, kweli lilitokea.