Karavani Iliyoinuliwa kwa Kidole

Shangazi yangu alitoa dume la kulimia akapokea karavani iliyojaa kuku. Ndivyo watu wa Makanyagio, mtaa wetu wa Mpanda, walivyolisimulia jambo hilo, na hawakutia chumvi. Kampuni fulani iliyokuwa ikitengeneza barabara ilifunga kambi ikaondoka, ikaacha nyumba moja ya bati yenye magurudumu, ambayo enzi zake wataalamu walilala ndani yake huku ikivutwa na gari kutoka kambi hadi kambi. Mlinzi aliyeachiwa aliigeuza banda. Ilipoingia uani kwetu nyuma ya Landrova ya mume wa shangazi, kuku wawili walikuwa bado wamo, na hawakutaka kutoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa kijana wa ishirini na kitu. Nilitengeneza baiskeli na mashine za kusaga, na siku umeme ulipokuwepo nilichomelea vitanda na milango. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua vitu, kisha kwa hofu ya kushindwa kuvifunga. Hofu hiyo haikuniacha hata nilipoanza kusifiwa. Nikikaza nati nilirudi kuigusa tena, nikiondoka nilirudi kutoka njiani. Wateja walidhani ni bidii. Nakiri haikuwa bidii. Nilikuwa naona vitu vikikatika kabla havijakatika.

Shangazi alipika kwenye minada ya ng'ombe, Kibaoni na Mamba, kwa wenzetu Wasukuma waliohamia huko na mifugo na kwa Wapimbwe waliokuja kuuza mpunga. Usiku alilala chini ya meza yake ya chapati, turubai likiwa ndio ukuta. Masika yaliyopita alishikwa na kichomi huko huko, akarudishwa Mpanda juu ya magunia ya mahindi akihema kama mtoto. Alipopona alisema neno moja.

"Sifi chini ya meza mimi. Nataka nyumba inayonifuata."

Mume wake, dereva wa malori wa zamani ambaye mimi nilimwita mzee, akamjibu, "Nyumba ikufuate wewe? Mimi mwenyewe miaka yote hii nimeshindwa kukufuata."

Kazi nikapewa mimi. Nilianza na sakafu. Mbao za wale wataalamu zilikuwa zimelowa hadi zikawa kama mkate kwenye chai, na ndani ya ukuta mmoja kulikuwa na nyuki. Fundi mwingine angeweka mbao za kawaida akamaliza. Mimi nikaona karavani ya shangazi inastahili mninga, mbao nzito, nyekundu, zisizoliwa na mchwa. Nikazipiga randa hadi ukipitisha kiganja hukwami. Nikatengeneza rafu, kitanda, na jiko la nyuma lenye dirisha la kuuzia. Nilipomaliza nikachungulia chini nikaona nilichofanya. Magurudumu madogo kama ya toroli yalikuwa yamelala upande, na ekseli nyembamba iliyoyaunganisha ilikuwa imepinda katikati. Uzuri wangu wa juu ulikuwa umeivunja mgongo.

Tukapata ekseli ya nyuma ya Landrova nyingine iliyokufa, pamoja na springi zake. Niliitoa matumbo yote ya ndani kwa sababu haikuwa na kazi ya kusukuma tena, ila kubeba tu. Nikaosha beringi kwa dizeli, nikazipaka grisi, nikazungusha magurudumu huku nimeweka sikio kwenye chuma. Yalizunguka kimya. Hapo ndipo likaja swali la mahali pa kuifunga ekseli chini ya karavani, na hapo sikusita hata kidogo. Hilo ndilo jambo moja nililoamini ninalijua.

Marehemu baba yangu alikuwa akiunda magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kwake gari zuri lilijulikana kwa kipimo kimoja. Ukilipakia, uweze kuinua mti wake wa mbele kwa kidole. Mti ukiwa mzito, nira inawakandamiza ng'ombe shingoni, wanaota vidonda, na mwenye gari anachekwa njia nzima. Kwa hiyo ekseli inakaa katikati kabisa, mzigo wa mbele na wa nyuma ukiwa sawa kama mizani. Nilikua nikiona wazee wakikiinamia kidole cha baba.

Basi nikaisawazisha karavani juu ya gogo, nikiisogeza kidogo kidogo, mchana kutwa. Nilimwambia shangazi aingie na vyombo vyake, atoke, aingie tena. Nilipopata pale hasa, nikachomelea. Kisha nikamwita.

"Shangazi, shika hapo mbele. Kwa kidole."

Ule mkono wa chuma unaofungwa nyuma ya gari ukainuka na kidole chake kama mfuniko wa sufuria. Akapiga kigelegele, majirani wakaja, kila mmoja akataka kuinua. "Ndugu yangu angekuwepo hapa," shangazi alisema, "angecheza." Na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi, usiku ule nililala bila kurudi kugusa kitu.

Siku ya kwenda Kibaoni hofu ilikuwa imerudi yote. Niliomba tuivute kwanza tupu, tukaizungushe mjini. Mzee akasema mnada haungoji fundi apone. Niliomba basi shangazi akae mbele garini.

"Na sufuria zangu azishike nani? Wewe umeitengeneza, sasa unaikimbia?"

"Siikimbii, shangazi."

"Basi funga mlango, mbung'o wasiingie."

Akaingia, akaketi kitandani, gunia la unga wa ngano kando yake. Pipa la maji lilikuwa nyuma, karibu na jiko, limejaa. Nilipitisha mnyororo wa akiba kati ya gari na karavani, nikauvuta, nikauvuta tena. Kisha nikakaa nyuma ya Landrova, uso wangu ukiitazama karavani.

Hadi Sitalike ilikuja vizuri, mzee akiendesha polepole kwa sababu ya mashimo. Tulipoingia hifadhi ya wanyama barabara ikawa laini, akaongeza mwendo ili mbung'o wasitumalize. Kisha ukaja mteremko.

Mwanzo niliona dirisha la karavani likihama kidogo kushoto. Nikadhani ni sisi tumekata kona. Likahama kulia. Barabara ilikuwa imenyooka. Mkia ukaanza kwenda huku na huku, kila mara ukizidi pale ulipofika kwanza, na Landrova ikawa inavutwa makalio na kitu ilichopaswa kukivuta. Nikapiga paa kwa ngumi. Mzee akakanyaga breki, ikawa mbaya zaidi. Gurudumu moja la karavani likaacha ardhi. Nililiona hewani, likizunguka kimya kama nilivyolitengeneza, na nikafikiri, ndani mle yumo shangazi.

Mzee akaachia breki, akaingia majanini, tukagonga kichuguu tukasimama.

Sikumbuki nikiruka. Nakumbuka mlango ukikataa, mikono yangu ikiteleza, kisha ukafunguka wenyewe kutoka ndani. Shangazi alitoka mweupe kuanzia kilemba hadi viatu. Unga. Alikohoa, akajipangusa macho, akanitazama.

"Umeniua?"

"Hapana, shangazi."

"Basi niambie nimefika wapi, maana hapa siyo Kibaoni."

Mzee alianza kucheka, akashindwa kumaliza, akaketi chini. Mimi nilikuwa tayari chini ya karavani. Nati zote zilikuwa zimekaza. Chomelea zote, yaani maungio niliyoyachoma, zilikuwa nzima. Beringi nilizigusa kwa kiganja, hazina hata joto. Afadhali ningekuta kitu kimevunjika. Kitu kilichovunjika nakijua, kina mahali pake, kinaungwa. Hiki kilikuwa kizima chote na kilikuwa kimetaka kumuua shangazi yangu.

Hatukuweza kukaa pale. Mbung'o walituuma juu ya nguo, na mzee aliona mavi ya tembo ambayo hakuupenda ubichi wake. Ndani, pipa, unga, sufuria, kila kitu kilikuwa kimeteleza hadi ukuta wa mbele tulipogonga kichuguu. Tuliviacha kama vilivyolala. Shangazi akakaa garini, tukaendelea.

Na karavani ikatufuata kama ng'ombe anayejua zizi. Nilingoja icheze. Ukaja mteremko mwingine, mrefu kuliko ule, nikashika bomba la kiti hadi vidole vikafa ganzi. Haikutikisika. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu ilikuwa imetulia bila ruhusa yangu, na sikujua sababu.

Kibaoni, wakati wa kuifungua kutoka kwenye gari, niliweka kidole chini ya mkono wa chuma kwa mazoea tu. Haukuinuka. Nikaweka viganja viwili. Ilibidi nimwite mzee. Tulipoutua chini nilibaki nimeinama, nikiutazama.

Mnada ulipokwisha na uwanja ukabaki na vumbi na mbwa, nilimwomba mzee tuivute pale, bila mtu ndani. Tukaweka pipa nyuma. Alipokimbiza kidogo, mkia ukaanza kucheza. Tukalisogeza pipa mbele. Ikatulia. Tukarudisha nyuma. Ikacheza. Nilitaka tuendelee hadi nipate mara moja ambayo mambo hayo yangegeuka, kwa sababu kukubali kulikuwa na maana ambayo sikuitaka. Mzee ndiye aliyezima gari.

Shangazi alikuwa akiosha masufuria. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Ile ya kidole, shangazi. Ile ndiyo mbaya. Inatakiwa iwe nzito mbele, igandamize gari. Ikiwa nyepesi mbele, nyuma inaamua kwenda inakotaka."

Aliacha kuosha. "Kwa hiyo kaka yangu alikuwa anakosea?"

"Hakukosea. Ng'ombe ana shingo. Baba alikuwa anaionea huruma shingo. Landrova haina shingo."

"Ina dereva mwenye shingo," mzee alidakia, "na juzi nusura ivunjike."

Shangazi hakucheka. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Mimi ndiye niliyepiga kigelegele." Kisha akaendelea kuosha.

Tuliirudisha Mpanda magunia ya mchele yakiwa mbele na shangazi akiwa garini. Kazi ya kukata chomelea zangu mwenyewe iliniuma kuliko nilivyotarajia. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana, na nilikuwa nimezipaka rangi ili zisionekane, kisha nikajuta kwamba hazionekani. Nikazikata zote. Ekseli nikaisogeza nyuma, pipa nikalijengea kizimba mbele ya magurudumu, na jiko likahamia ubavuni. Sakafu ya mninga ilibaki na matundu ya misumari pale jiko lilipokuwa. Niliyaziba kwa vumbi la mbao na gundi, na hadi leo nikiyafikiria najua yapo. Kisha nikamwomba mzee tuivute bila mtu hadi Sitalike na kurudi, na safari ya pili nikapanda ndani mimi. Nilirudi nimekaa sakafuni, mzima.

Nilipomweleza shangazi hayo aligeuka akaenda kuchambua mchele wake. Minada miwili ilipita akienda kwa malori ya watu, na turubai lake. Mvua zilikuwa zinakaribia. Niliona anavyokunja lile turubai asubuhi, nikajua kwamba kama atarudi na kichomi, hilo pia litakuwa kosa langu.

Mnada wa tatu alikuja uani alfajiri, amefunga kilemba, akasimama mbele ya karavani. Akaweka kidole chini ya mkono wa chuma akajaribu kuinua. Akaongeza mkono wa pili. Akaguna.

"Mbaya," alisema. "Kaka yangu angeona haya."

"Ndiyo, shangazi."

"Wewe utakaa wapi?"

"Nyuma ya Landrova. Nitakuwa naitazama."

"Uitazame ya nini? Juzi uliitazama, ikaacha kucheza?" Akafungua mlango. "Ingia na wewe. Tukifa, baba yako atuulize wote wawili."

Nikaingia. Yeye aliketi kitandani na beseni la vitunguu swaumu, akivimenya kwa kisu, mimi sakafuni, kiganja changu kwenye mbao juu ya ekseli. Kila jiwe la barabara nililisikia mkononi. Baada ya Sitalike alifunga dirisha kwa ajili ya mbung'o, giza la kahawia likatuzunguka, na nikajua kwa jinsi injini ilivyobadili sauti kwamba mteremko ule umefika. Nilingoja dirisha lihame. Niliomba Mungu kwa Kisukuma, lugha ambayo huwa siitumii kuombea.

Kisu kilinyamaza. Niliinua uso ili nione kama naye ameogopa. Shangazi alikuwa amelala, mdomo wazi, kitunguu kimoja kikiwa nusu kimemenywa mapajani, kichwa chake kikicheza kidogo tu na mashimo ya kawaida. Mteremko ukaisha. Nilitaka kumwamsha nimwambie umeisha. Nikamwondolea kisu mkononi, nikarudisha kiganja sakafuni, nikaendelea kusikiliza.