Chapa ya Ngamia kwenye Baiskeli

Juzi, nilipokuwa nikisubiri kwenye kaunta ya ofisi moja ya kaunti hapa Garissa, fundi wa kuchomelea alikuja kudai baiskeli yake, iliyochukuliwa na askari wa kaunti sokoni alipokuwa akiiuza, wakishuku ni ya wizi. Aliiunda kwa vyuma vya baiskeli tatu mbovu, uma wa mbele mrefu, usukani juu kama pembe.

"Risiti ya kampuni iko wapi?" karani akauliza.

"Wallahi, kampuni ni mimi." Akaonyesha picha kwenye simu: chapa ya ngamia wa ukoo wao, ameichoma kwenye fremu. "Alama yetu hii."

"Hiyo si ushahidi."

Nyuma yake mfugaji akaomba kibali cha kusafirisha ngamia, akataja chapa yake kuthibitisha kuwa ni wake. Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.

Nilitoka na hasira. Fundi angenunua baiskeli dukani, angeitwa mteja. Ameunda, basi ni mwizi.