Kona Niliyoikata Ukiwa Tumboni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaribia kukuua kabla hujazaliwa. Mama yako alinisitiri, hakulitaja jambo hilo hata mara moja, nami jirani yenu nikanyamaza miaka yote. Leo nalisema mwenyewe, maana nimesikia nyinyi waendesha boda mnavyonung'unika huko Mbale kuhusu nguzo za zege zilizowekwa kwenye njia panda ya Namatala. Eti zinawachelewesha, boda haiwezi tena kukata kona kwa njia ya mkato.

Bingwa wa kukata kona nilikuwa mimi. Kijana wa mtaa wetu wa Walukuba, boda yangu baiskeli, breki yangu soli ya kiatu: unaikandamiza kwenye tairi la mbele na kumwomba Mungu. Asubuhi hiyo nilimpakia mama yako, ametoka kununua samaki ziwani Masese, amekaa upande na beseni lake, mimba ya miezi minane. Tulipofika njia panda ya sokoni, sikuingia hadi katikati ya barabara ndipo nigeuke kulia. Nilibana ukingo wa kulia, pale pale watu wanaposubiri kuvuka. Mzee mmoja mwenye fimbo akateremka barabarani. Nikakandamiza kiatu, kikateleza. Mzee tulimkosa, lakini mama yako akaanguka.

Akaja trafiki, afande mrefu wa kutoka kaskazini. Nilidhani atanipiga. Akamkalisha mama yako kando, akatuma mtu atafute gari la kwenda hospitali, kisha akaniambia, "Wewe kijana, kaa hapa na mama. Hapana kwenda popote mpaka mtoto acheze tumboni."

Tukakaa. Samaki wametapakaa kwenye lami, hakuna aliyewajali. Mama yako ameweka mkono tumboni, haniangalii. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, nyingine nikazichanganya kwa woga.

"Kwani ulikuwa nakimbilia nini?" afande akauliza.

Swali hilo najiuliza mpaka leo, mwanangu.

Kisha mama yako akasema polepole, "Amecheza." Nililia mbele ya soko zima, na sioni haya kukuambia.

Wiki iliyopita nilipita hapo. Kona ile nayo imepata nguzo, na kivuko cha waenda kwa miguu kimeinuliwa hata magari hayana budi kupunguza mwendo. Nikasimama kuwaangalia wanafunzi wakivuka huku wanapiga soga, hakuna anayekimbia. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nilisimama sana hata muuza chapati akaniuliza kama nimepotea.

Basi nguzo ziacheni. Ingia hadi katikati ndipo ugeuke, na anayetembea au anayeendesha baiskeli apite kwanza. Abiria akikuharakisha, mwache anune. Mungu akulinde barabarani, na kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Tena akubariki kwa teke lile moja ulilompiga mama yako, maana mimi bado naishi kwa hilo.